Kumfundisha Kila Mwanafunzi Alipofikia: Mwongozo kwa Halmashauri na Shule za Msingi za Umma

Ujifunzaji unaomlenga kila mwanafunzi ni utaratibu ambao kiwango alichokwisha kukifikia mtoto, na si darasa aliloandikishwa kwa mujibu wa umri wake, ndicho kinachoamua afundishwe nini kesho, kwa kasi gani na kwa msaada wa namna gani. Maelezo hayo huwafanya watu wengi wafikirie mwalimu mmoja kwa kila mtoto, au chumba kilichojaa kompyuta, na hivyo wahitimishe kwamba jambo hili ni la shule za ada kubwa za mijini. Mwongozo huu unawahusu wenye dhamana ya shule ambazo haziwezi kuchagua wanafunzi wala kuwapunguza, yaani walimu wakuu, Maafisa Elimu Kata, Maafisa Elimu wa halmashauri na wajumbe wa kamati za shule katika Tanzania Bara, ingawa wenzao wa Kenya na Uganda watakuta humu mengi yanayowagusa. Hoja inayouongoza ni kwamba mfumo wa umma unaweza kumfikia kila mtoto kwa walimu ulionao, mradi ukubali kwanza kujua mtoto huyo anaweza nini, kisha upange saa na walimu kwa kufuata jawabu hilo.

Kwa nini darasa moja lina viwango vingi

Ada ilipofutwa katika shule za msingi za Tanzania mwaka 2001 na za Kenya mwaka 2003, na michango ya lazima ilipoondolewa tena Tanzania kuanzia mwaka 2016, shule zilipokea watoto wa kila hali, wakiwamo wengi ambao nyumbani kwao hapakuwa na kitabu hata kimoja. Hayo yalikuwa mafanikio makubwa ya haki, na hayapaswi kubezwa na yeyote anayelalamikia msongamano wa leo. Lakini mtaala, vitabu na mitihani viliendelea kumfikiria mtoto aliyeandaliwa kabla ya kuanza shule, anayehudhuria kila siku na anayemaliza kila mada pamoja na wenzake. Upimaji wa Uwezo, ambao kuanzia mwaka 2009 uliwapima watoto majumbani nchini Kenya, Tanzania na Uganda, ulionyesha mapema kwamba wanafunzi wa Darasa la Tatu waliomudu kusoma na kuhesabu kwa kiwango cha Darasa la Pili hawakufika thuluthi moja. Kwa maneno mengine, mwalimu wa Darasa la Tatu aliyefundisha somo la Darasa la Tatu kama alivyoagizwa alikuwa akizungumza na sehemu ndogo ya chumba.

Magharibi mwa Kenya ulifanyika utafiti unaoeleza vizuri jinsi jambo hili linavyofanya kazi. Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walifuatilia shule zilizopewa vitabu vya kiada, na katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2009 walikuta kwamba vitabu hivyo havikupandisha wastani wa alama, isipokuwa kwa wanafunzi waliokuwa tayari mbele, kwa sababu wengine hawakuweza kuvisoma: viliandikwa kwa Kiingereza, na kwa kiwango cha watoto wachache. Katika eneo hilohilo, Esther Duflo, Pascaline Dupas na Kremer walifanya jaribio katika shule 121 zilizopata mwalimu wa ziada mwaka 2005, ambapo nusu ya shule ziligawa watoto wa darasa la kwanza katika mikondo miwili kwa kufuata alama zao za mwanzo na nusu nyingine ziliwagawa bila kuangalia alama. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba katika shule zilizogawa kwa kiwango wanafunzi walisonga mbele zaidi, walio juu na walio chini pia, kwa kuwa kila mwalimu aliweza kuelekeza somo lake kwa watoto aliokuwa nao. Jambo hilo linastahili uzito, maana hofu ya kwanza ya mzazi ni kwamba mtoto aliyewekwa na wenzake wa chini atabaki huko. Hofu hiyo ni ya kweli pale mgawanyo unapokuwa wa kudumu, na mwongozo huu utairudia.

Upimaji wa mtoto mmoja mmoja

Kazi ya kwanza ni upimaji, nao unatofautiana na mtihani kwa namna ambayo kila mwalimu hana budi kuielewa kabla ya kuanza. Mtihani humuuliza mwanafunzi wa Darasa la Nne maswali ya Darasa la Nne, na anayepata alama 8 kati ya 50 huandikwa kuwa ameshindwa, pasipo mtu kujua kama hajui kusoma kabisa, au anasoma polepole kiasi cha kutomaliza karatasi, au anasoma vizuri ila hajaelewa kugawanya. Upimaji unaokusudiwa hapa huanzia chini na kupanda hadi pale mtoto anapokwama. Hufanywa kwa mdomo, mtoto mmoja baada ya mwingine, kwa karatasi moja yenye silabi, maneno, aya fupi na hadithi ya kiwango cha Darasa la Pili, na kwa upande wa hesabu yenye namba za tarakimu moja, za tarakimu mbili, kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Njia hii ilienezwa na shirika la Pratham la India, ambalo tangu mwaka 2005 limeitumia katika ripoti yake ijulikanayo kama ASER, na ndiyo iliyowapa Uwezo mfano wa kufuata.

Ikichukuliwa kwamba kila mtoto anahitaji dakika nane, darasa la watoto 80 linahitaji dakika 640, yaani chini kidogo ya saa kumi na moja, na walimu watatu wakigawana kazi hiyo wataimaliza kwa asubuhi mbili bila haraka. Karatasi ya Kiswahili itungwe kwa uangalifu, kwa sababu ugumu wa kusoma Kiswahili una ngazi zake: mtoto anayesoma «baba», «kaka» na «meza» bila shida huenda akakwama kwenye «mbwa», «nywele» au «ng'ombe», na mwalimu asiyetenganisha silabi sahili, zenye konsonanti moja na irabu moja, na silabi zenye konsonanti zilizoambatana, atawaweka pamoja watoto wenye mahitaji mawili tofauti. Katika maeneo ambako watoto huanza shule wakizungumza Kimaasai, Kisukuma au lugha nyingine ya nyumbani, kuna mtego mwingine, nao ni mtoto anayetamka kila silabi kwa usahihi huku haelewi alichosoma. Kwa hiyo baada ya hadithi mtoto aulizwe maswali mawili ya kuelewa, na jibu liandikwe katika safu yake peke yake, kwani anayeweza kutamka ila haelewi anahitaji mazungumzo, nyimbo na msamiati, wala hatasaidiwa na chati zaidi za silabi.

Matokeo yote huingizwa katika daftari moja la shule ambalo kila mtoto ana mstari wake na kila upimaji una tarehe yake. Daftari hilo lisiwe na nafasi ya kwanza wala ya mwisho, wala lisibandikwe ukutani. Kazi yake ni kumwonyesha mwalimu mtoto alipokuwa, alipo na muda aliotumia kutoka hapo kuja hapa, na mtoto ambaye amepimwa mara tatu mfululizo akabaki palepale apelekwe kupimwa macho na masikio kabla hajasemwa kuwa ni mzito, kwa sababu shule nyingi zina watoto waliokaa miaka kadhaa mbali na ubao wasiouona.

Saa iliyotengwa

Upimaji usiofuatwa na mabadiliko ya ratiba ni kazi bure. India imejifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Katika jimbo la Bihar, kati ya mwaka 2008 na 2010, walimu wa serikali walipewa vitabu na mafunzo ya njia ya Pratham, kisha wakarudi katika madarasa yao na kuendelea na silabasi kama kawaida, na watafiti hawakuona faida ya maana kwa watoto mpaka pale wasaidizi wa kujitolea walipoongezwa. Katika jimbo la Haryana, mwaka wa masomo wa 2012–2013, walimu wa serikali walewale wa kawaida walitengewa saa moja kila siku, wanafunzi wakapangwa upya kwa viwango bila kujali darasa lao, na wasimamizi wa elimu wa eneo wakafundishwa njia hiyo na kuitumia wenyewe kabla ya kuwasimamia wengine. Safari hiyo kiwango cha kusoma kilipanda. Zambia iliifuata njia ya Haryana katika mpango wake wa Catch Up, ulioanza kwa majaribio mwaka 2016 kwa watoto wa darasa la tatu hadi la tano. Tofauti kati ya Bihar na Haryana haikuwa ubora wa vitabu wala moyo wa walimu. Ilikuwa ni saa iliyoandikwa kwenye ratiba, na mkubwa aliyekuja kuiulizia.

Kwa shule ya Tanzania, inafaa saa hiyo iwe moja kwa madarasa yote yanayohusika, tuseme la Tatu, la Nne na la Tano, na iwe asubuhi, watoto wakiwa bado na nguvu. Kengele ikilia, kila mtoto huacha darasa lake na kwenda kwenye kundi la kiwango chake, na saa ikiisha hurudi kuendelea na masomo mengine pamoja na wenzake wa umri wake. Hapa ndipo hofu ya mgawanyo wa kudumu inapopata jibu lake, kwa kuwa mtoto hapotezi darasa lake wala marafiki zake, na kundi lake hubadilika kila upimaji unaporudiwa, jambo ambalo lifanyike kila baada ya wiki sita hadi nane.

Mgawanyo wa walimu ndio unaohitaji ujasiri. Ikichukuliwa shule yenye wanafunzi 360 katika madarasa hayo matatu na walimu sita, mwalimu mkuu atashawishika kumpa kila mwalimu watoto 60, na huo utaonekana kuwa usawa. Lakini upimaji ukionyesha kwamba watoto 60 hawatambui herufi, 80 wako kwenye silabi, 120 wanasoma maneno na aya, na 100 wanasoma hadithi, ni bora zaidi walimu wawili wachukue kundi la kwanza, watoto 30 kila mmoja, wawili wachukue la pili, watoto 40 kila mmoja, na makundi mawili ya juu yapate mwalimu mmoja mmoja, kwa kuwa anayejua kusoma anaweza kufanya kazi na wenzake katika vikundi vya watu kumi chini ya mwembe, huku asiyejua hawezi kufanya lolote bila mtu mzima. Na mwalimu mwenye ustadi mkubwa kuliko wote apewe kundi la chini kabisa. Mazoea ya shule nyingi, ya kumpeleka mwalimu huyo kwenye madarasa ya mtihani wa taifa na kumwacha mgeni wa kazi na watoto wasiojua herufi, yanapaswa kukoma, kwa sababu ndiyo yanayozalisha kila mwaka wanafunzi ambao mwalimu wa mtihani hawezi tena kuwaokoa.

Ndani ya saa yenyewe shughuli ziwe fupi na zibadilike. Kundi la silabi hufanya kazi na chati, kadi za kuunganisha na mchezo wa kutunga maneno, kisha kila mtoto huandika chini au ubaoni neno alilolisema mwenyewe. Kundi la aya husoma kwa sauti wawili wawili, hueleza hadithi kwa maneno yao na kuandika mwisho mwingine. Kundi la hesabu la chini hufunga vijiti kumi kumi na kuvifungua tena hadi lielewe kwamba 43 ni mafungu manne na vijiti vitatu. Vifaa vinavyotakiwa ni manila, kalamu za wino mzito, vizibo vya soda na vijiti, vitu ambavyo ufaraguzi wa walimu wa Tanzania umevimudu kwa miaka mingi.

Kwa makundi yanayojitegemea, mfano bora zaidi unatoka Colombia. Shule za vijijini zilizoanzishwa huko mwaka 1975 chini ya Vicky Colbert, Óscar Mogollón na Beryl Levinger, zijulikanazo kama Escuela Nueva, zilikuwa na mwalimu mmoja au wawili kwa madarasa yote ya msingi, kwa hiyo zilitunga miongozo ya kujifunzia, yaani vijitabu vinavyompeleka mtoto hatua kwa hatua kutoka swali hadi zoezi hadi kazi ya kufanya nyumbani na wazazi, naye akapanda anapomaliza hatua wala si mwaka unapoisha. Mtoto aliyekosa shule wakati wa mavuno alirudi na kuendelea pale alipoachia. Mfumo huo ulienea katika maelfu ya shule nchini humo, na somo lake kwa Taasisi ya Elimu Tanzania na kwa halmashauri ni kwamba kitabu kinachomwelekeza mtoto moja kwa moja, kwa lugha anayoielewa, humpa mwalimu wa watoto wengi nafasi ya kukaa na wachache wanaomhitaji.

Mkubwa anauliza nini

Mwalimu wa umma hufanya kile ambacho mkubwa wake hukiulizia, na hakuna haja ya kumlaumu kwa hilo. Mdhibiti Ubora wa Shule akifika na kutaka kuona azimio la kazi, andalio la somo na mada iliyofikiwa, mwalimu atakimbizana na mada hata kama watoto wamebaki nyuma wote. Kwa hiyo halmashauri inayotaka mabadiliko haya ianze kwa makubaliano ya maandishi kati ya Afisa Elimu na wadhibiti ubora kwamba saa ya viwango inahesabiwa kuwa sehemu halali ya kufundisha, na kwamba ziara ya shule itaanza na daftari la viwango. Afisa Elimu Kata afundishe kundi moja kwa wiki mbili kabla ya kusimamia shule yoyote, na akifika shuleni achague watoto watano, awapime mwenyewe, alinganishe na daftari. Ziara ya namna hiyo huchukua chini ya saa moja na humwambia zaidi ya faili zima la ripoti.

Mafunzo ya walimu yana njia iliyokwisha kutengenezwa, nayo ni MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambamo walimu wa shule moja au kata moja hukutana na kujadili kazi yao wenyewe. Mikutano hiyo ikitumiwa kujadili majina ya watoto ambao hawajasogea tangu upimaji uliopita, na kupanga la kufanya juu ya kila mmoja, itafaa kuliko semina ya siku mbili hotelini. Kuhusu fedha, ushahidi wa Tanzania yenyewe unaonya. Jaribio la KiuFunza, lililofanywa na shirika la Twaweza pamoja na watafiti wakiongozwa na Isaac Mbiti katika shule 350 mwaka 2013 na 2014, lilikuta kwamba ruzuku iliyopelekwa shuleni peke yake haikuinua ujifunzaji, ilhali ruzuku ilipoambatana na malipo kwa walimu kwa kila mtoto aliyemudu KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, faida ilionekana wazi. Si lazima kila halmashauri ilipe motisha ya fedha. Lililo la lazima ni kwamba shilingi inayotumwa iambatane na swali kuhusu mtoto.

Wanaotaka kubadili kila kitu kwa mpigo wautazame mkasa wa jimbo la Maine nchini Marekani. Mwaka 2012 jimbo hilo lilitunga sheria iliyozitaka shule za sekondari zitoe cheti kwa mwanafunzi aliyethibitisha umahiri badala ya kukusanya idadi ya vipindi, wazo ambalo ni zuri na linalokubaliana na mwongozo huu. Lakini kila wilaya iliachwa ijitafutie maana ya umahiri, ripoti za wanafunzi zikabadilishwa kabla ufundishaji haujabadilika, wazazi wakapokea alama za 1 hadi 4 ambazo wengi hawakuelewa uhusiano wake na maombi ya vyuo, na mwaka 2018 wabunge waliiondoa lazima hiyo. Kwa Tanzania, ambako mtaala ulioboreshwa ulianza kutekelezwa mwaka 2024 na unasisitiza umahiri, na kwa Kenya, ambako mtaala wa umilisi ulichukua nafasi ya mfumo wa 8-4-4 kuanzia madarasa ya chini mwaka 2019, onyo hilo liko karibu sana. Mzazi aelezwe mapema, kwenye mkutano wa kijiji na kwa lugha ya kawaida, kwamba mtoto wake wa Darasa la Nne ameanza mwaka akisoma maneno na sasa anasoma aya, na aonyeshwe kwa kumsikiliza mtoto huyo akisoma mbele yake.

Mahali pa vishikwambi

Teknolojia inaweza kusaidia, na mkoa wa Tanga una ushahidi. Katika shindano la Global Learning XPRIZE, lililofungwa mwaka 2019, watoto wapatao 3,000 wa vijiji takriban 170 vya mkoa huo, ambao wengi wao hawakuwa wakienda shule, walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili, vilivyokuwa vikichajiwa kwa umeme wa jua, na timu mbili, Kitkit School na onebillion, ziligawana zawadi ya kwanza ya dola milioni 10 kwa sababu watoto walijifunza kwa hakika. Huko Delhi, utafiti wa programu ya Mindspark uliwakuta wanafunzi wa darasa la sita wakiwa nyuma katika hesabu kwa takriban madarasa mawili na nusu, na programu hiyo iliwafaa kwa kuwa ilimpima kila mmoja na kumpa maswali ya kiwango chake. Nguvu ya vifaa hivyo, basi, ilitoka katika kanuni ileile ya kuanzia alipofikia mtoto, na kifaa kinachoonyesha somo moja kwa darasa zima hakina nguvu hiyo hata kiwe cha bei gani. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022, ambavyo baadaye viligawiwa kwa walimu, vinafaa kwanza kwa kuhifadhi daftari la viwango na kulituma kata hadi halmashauri, na baada ya hapo kwa mazoezi ya makundi ya juu. Shule isiyo na umeme isisubiri.

Msomaji mwenye dhamana ya shule hata moja anaombwa aanze na Darasa la Tatu. Hakuna kibali wala fungu la fedha linalohitajika ili walimu watatu wakae na watoto hao kwa asubuhi mbili na karatasi ya silabi, na orodha itakayopatikana itatosha kupangia saa ya kwanza ya viwango Jumatatu inayofuata. Mtoto wa Darasa la Tatu asiyejua kusoma leo ana miaka michache tu iliyobaki katika shule ya msingi, na kila muhula unaopita bila kupimwa unaikata miaka hiyo.